Majina Kumi na Moja Yasiyoitikiwa

Mwaka 1950, kwenye kanisa la nyasi huko Nandagala, mwalimu mmoja wa dini aliita majina kumi na moja kila Jumapili kwa miezi minne.

Hakuitikiwa hata mara moja.

Na wenye majina walikuwa wamekaa mbele yake, mstari wa kwanza, wameoga, wamechana nywele, wanamwangalia.

Hawakuwa viziwi. Hawakuwa wamegoma. Walimpenda sana, hilo nalisema mapema ili tusije kugombana huko chini kwenye maoni.

Jambo jingine. Hayo majina siyaandiki hapa. Msinifuate pembeni kuniomba. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Haya, tulieni.

Mwalimu aliitwa Felisian. Miaka ishirini na sita, mrefu, mwembamba, mtu wa kunyoosha kola hata akiwa peke yake. Kwao ni mbali, ng'ambo ya Songea. Alikuwa katekista, yaani padre akiwa mbali, yeye ndiye anayesalisha, ndiye anayefundisha, na ndiye anayelaumiwa.

Nandagala kilikuwa kigango chake cha tatu, kanisa dogo la kijijini chini ya misheni.

Kigango cha kwanza aliwafundisha vijana amri za Mungu kwa fimbo. Walizijua zote kumi, kisha wakahama.

Cha pili aliacha fimbo, akawa anawahubiria saa tatu mfululizo. Mwisho alibaki na bibi mmoja, na huyo bibi alikuwa anajikinga mvua.

Kwa hiyo Januari ile, Padre alipomleta Nandagala kwa pikipiki, hakuzunguka mbuyu.

"Felisian," akasema, "hapa wapo vijana kumi na mmoja katika daftari. Wamengoja ubatizo tangu wakiwa wadogo. Pentekoste nitakuja. Wakiwa tayari, nitawabatiza. Wasipokuwepo, kigango ninakifunga, nawe utarudi kwenu ukalime."

"Nimeelewa, Padre."

"Na jambo la pili. Hapa wengi ni Waislamu, na tunaishi nao vizuri. Mtoto wa Mwislamu usimguse. Usimwandike, usimshawishi. Fuata daftari."

"Nitafuata daftari, Padre."

Jamani, kama kuna mtu aliwahi kutii amri hapa duniani, ni Felisian.

Mkewe, Josephina, alikuwa na mimba ya miezi sita. Alisikia yote akiwa amekaa juu ya sanduku la nguo. Pikipiki ilipoondoka akamuuliza mumewe, "Tukirudi kwenu, tunarudi na sura gani?"

Felisian akanyoosha kola. Baba yake alishamwambia tangu kigango cha pili kwamba kazi ya dini haimfai, arudi ashike jembe. Kurudi mara ya tatu, tena na mtoto mchanga, kulikuwa kukiri mbele ya ukoo mzima kwamba mzee alisema kweli. Alilifikiria hilo kila siku, na lilimuuma.

Daftari lenyewe liliandikwa na katekista wa zamani. Huyo aliacha kazi mwaka 1947 akakimbilia Nachingwea kwenye mradi wa karanga, kule Wazungu walikokuwa wanang'oa pori zima kwa mitambo. Miaka mitatu kigango kikakaa bila mwalimu.

Majina kumi na moja. Wavulana wanane, wasichana watatu. Mbele ya kila jina, jina la mama na mahali anapokaa.

Jumapili ya kwanza Felisian akanyoosha kola, akafungua daftari, akaita jina la kwanza.

Kimya.

Akaita la pili. Kimya. Kina mama walio nyuma wakainamisha vichwa. Mzee mmoja akakohoa.

Akafika la kumi na moja. Kimya kilekile.

Akachukua kalamu, akaandika: *Hakuna aliyefika.*

Mbele yake walikuwa wamekaa vijana kumi na mmoja.

Sasa utauliza, huyu mwalimu alikuwa na akili timamu? Alikuwa nazo. Aliwaona. Hata aliwasikia wakiitana walipotoka nje.

"Lukumani, nipe fimbo yangu!"

"Muulize Saburi!"

"Zena, tungoje!"

Lukumani. Saburi. Zena. Isihaka. Shaban. Felisian akapata jibu lake hapohapo. Hawa ni watoto wa Kiislamu wamekuja kuangalia mgeni. Na Padre kasema usiwaguse.

Basi hakuwagusa. Aliwapa jina moja la jumla, "watazamaji", akawaruhusu wakae mbele kwa sababu wenye nafasi zao hawakuwepo.

Jumapili ya pili wakaja tena. Ya tatu wakaja. Akiita majina wanainama. Akimaliza kuita wanainua nyuso, anafundisha, wanasikiliza kweli kweli.

Felisian aliwafundisha kwa raha, unajua kwa nini? Hawakuwa wake. Hakuna ripoti, hakuna Pentekoste. Hakushika fimbo, maana huwezi kumchapa mtoto wa jirani asiye mwanafunzi wako. Hakuwahubiria saa tatu, maana wangeweza kuondoka wakati wowote. Wakimuuliza swali akawa anajibu tu, na asipojua anasema sijui.

"Mwalimu," Lukumani alimuuliza siku moja, "huyo Petro baada ya kumkana bwana wake mara tatu, wenzake walimtania?"

"Haikuandikwa."

"Walimtania. Mimi ningemtania mpaka kufa."

Felisian akacheka mpaka akakaa chini. Kumbuka huyu ni mtu ambaye vigango viwili havikuwahi kuyaona meno yake.

Februari akaona awavute wale wa kwenye daftari kwa mpira. Akashona mpira wa matambara, akasafisha uwanja, akatangaza kwamba Jumamosi kutakuwa na mchezo wa vijana wa kigango.

Jumamosi wakaja watazamaji.

Akangoja kidogo. Akangoja tena. Mwisho akasema, "Haya, chezeni ninyi wakati tunawasubiri wenyewe." Wakacheza mpaka jua likazama, yeye akiwa golikipa, na wenyewe hawakuja. Kola ilichanika siku hiyo na hakuishona kwa wiki nzima.

Wakazoea kuja nyumbani kwake. Wavulana walimrekebishia paa lililokuwa linavuja. Zena na wenzake wawili, Mwanawetu na Sofia, walimsaidia Josephina kutwanga na kuchota maji. Zena alikuwa na miaka kumi na tano na mdomo wa miaka arobaini.

"Mama Mwalimu," alimwambia Josephina, "mumeo anatusomea vizuri. Ila ana jambo moja."

"Lipi?"

"Hilo hatuwezi kulisema. Analijua mwenyewe."

Josephina akadhani ni ile tabia ya kunyoosha kola.

Machi, mvua ikiwa imekaza, Josephina akashikwa na uchungu asubuhi, wiki tatu kabla ya siku zake. Sabaha, mkunga wa pale, akamwangalia, akatoka nje akamwambia Felisian waziwazi, "Mtoto kakaa vibaya. Mimi simwezi. Mpeleke hospitali ya misheni, na muondoke sasa."

Ni mwendo wa siku nzima kwa miguu. Felisian alisimama uani akinyeshewa, machozi yanamtoka. Hakuwa na ndugu hata mmoja kwenye wilaya ile.

Hakumwita mtu. Walijileta.

Saburi na Lukumani wakakata mti. Isihaka akaleta shuka la kwao. Wakafunga machila, wakamlaza Josephina, wakambeba wavulana wanane kwa kupokezana, matope yakifika magotini. Zena alitembea pembeni amemshika mkono, anamsimulia umbea wa kijiji kizima ili asisikie maumivu. Kila mlima Lukumani alisema, "Huu ndio wa mwisho." Alisema hivyo milima saba.

Jioni wakafika. Mtoto akazaliwa hai, wa kike. Josephina akapona.

Felisian aliwakumbatia mmoja mmoja kwenye baraza ya hospitali. Alilia mbele yao bila aibu. Aliwaambia, "Ninyi ni watoto wangu."

Wiki iliyofuata akarudi nyumbani, akakaa mezani, akaandika ripoti ya mwezi kwa Padre.

*Vijana waliohudhuria: hakuna.*

Sitii chumvi. Karatasi ipo.

Pasaka ikapita. Pentekoste ikabaki wiki sita. Felisian akaona kuita majina hakutoshi, lazima aende nyumba kwa nyumba. Akachukua daftari, akaanza na nyumba ya karibu, kwa mama aitwaye Mwantumu.

Akamkuta anapepeta mtama. Uani pale, Zena anatwanga. Felisian akafurahi. Kumbe hapa ndipo kwao Zena!

"Hodi, mama. Namtafuta mtoto wako," akasema, akasoma jina.

Ungo ukamponyoka Mwantumu. Mtama ukamwagika. Akamtazama Zena. Zena akaacha kutwanga, akageukia ukuta.

"Mwalimu," Mwantumu akasema, sauti imeshuka, "jina hilo usilitaje hapa nyumbani. Nakuomba. Kanisani tunavumilia. Hapa hapana."

Felisian akafunga daftari.

Katika ukoo wao kule Songea, jina lisilotajwa nyumbani kwa mama ni la aina moja tu. Ni la mtoto aliyefariki.

"Samahani, mama," akasema. "Samahani sana. Sikujua."

Akainama, akasaidia kuokota mtama. Wakati wa kuondoka akamshika Zena bega. Maskini huyu binti, akawaza. Kafiwa na ndugu yake.

Nyumba ya pili, kwao Saburi. Akataja jina. Mama akajifunika uso kwa kanga. Saburi akatoka nje bila kuaga.

Nyumba ya tatu, kwao Lukumani. Mama yake akashika mchi. Felisian akaondoka haraka.

Ya nne. Ya tano. Kote hivyohivyo. Jina linatajwa, mama anashtuka, na kila nyumba ina mtazamaji mmoja anayeangalia pembeni.

Njiani akakutana na Mzee Halfani, jirani yake, Mwislamu mwenye shamba kubwa la ufuta, mtu mcheshi siku zote. Felisian akamwonyesha daftari. "Mzee wangu, hawa watoto..." Akaanza kusoma.

Mzee Halfani akaziba masikio kwa viganja viwili. "Mwalimu! Majina hayo barabarani, mchana huu? Mimi nina wajukuu humo!" Akaondoka kwa hasira, tena bila kwaheri.

Felisian akakaa kwenye kisiki, akalia kwa mara ya tatu mwaka ule.

Sasa yote yakawa wazi kichwani mwake. Watoto wote kumi na mmoja walifariki kati ya 1947 na 1950. Ugonjwa gani, hakujua, na hakuwa na moyo wa kuuliza wazazi. Hawa watazamaji ni ndugu zao. Nyumba za huku zimechanganyika, huyu anasali Ijumaa, yule Jumapili, ugali ni mmoja. Ndiyo maana wanakuja kila Jumapili na kukaa kwenye nafasi za marehemu. Ndiyo maana wanainama majina yakitajwa.

Na yeye, miezi minne, amekuwa akiwatonesha kidonda.

Akamweleza Josephina. Josephina, mtoto begani, akakunja uso. "Kumi na mmoja wote? Mbona mtoni sijawahi kusikia kilio cha namna hiyo?"

"Kilio chao ni cha kimyakimya."

"Wamama wa hapa? Kimyakimya?"

Hakumsikiliza. Akamwandikia Padre barua, na aliiandika vizuri mpaka leo ukiisoma unasikitika. Akasema vijana kumi na mmoja wa Nandagala wametangulia mbele ya haki bila kubatizwa. Akasema kigango hakina tena mtu wa kubatizwa, na yuko tayari kurudi kwao. Akaomba jambo moja tu, Padre aje awaombee kabla ya kufunga.

Jibu likaja na mtu wa baiskeli. Padre amesikitika mno. Ameshawaandika kwenye kitabu cha wafu cha misheni, wote kumi na mmoja, tarehe ya barua. Atakuja Jumamosi ya kwanza ya Mei na Misa ya wafu. Baada ya Misa, kigango kitafungwa.

Felisian akawaambia watazamaji kwamba Jumamosi Padre anakuja kwa ibada ya maombolezo.

"Kafa nani?" Zena akauliza.

"Utajua siku hiyo, binti yangu. Nyimbo mnazijua. Naomba mtuimbie ninyi."

Wakafanya mazoezi wiki nzima. Walimwona mwalimu amekonda, wakadhani amefiwa kwao. Wakafagia kanisa, wakakata nyasi. Siku yenyewe Saburi na Isihaka wakaenda mpaka mtoni kumpokea Padre, wakambebea sanduku la mavazi kichwani. Mavazi meusi. Ya kuwaombea wao.

Kanisa likajaa. Mzee Halfani na wazee wengine Waislamu nao wakaja, maana msiba ni msiba, wakakaa nje kwenye kivuli cha ukuta.

Watazamaji mstari wa mbele wakaimba. Padre alisema baadaye kwamba tangu aje Afrika hakuwahi kusikia wafu wakiimbiwa vizuri namna ile.

Kisha akafungua karatasi.

"Tuwaombee watoto wetu," akasema. Akasoma la kwanza.

Jina likapita kanisani. Watu wakageukiana.

La pili. Saburi akaweka kichwa kati ya magoti.

La tatu. Mama mmoja nyuma akasema, "Yarabi." La nne. Nje, Mzee Halfani akasimama. La tano, la sita. Padre anasoma taratibu, kwa huzuni, na baada ya kila jina anasema *apumzike kwa amani*, na Felisian analia huku akiitikia *amina*.

La saba Zena akasimama.

"Mwalimu," akasema, "tumekukosea nini?"

Padre akashusha karatasi. Felisian akafuta macho. "Kaa, binti yangu. Najua inauma."

"Hujui! Miezi minne unatutukana kila Jumapili mbele ya mama zetu. Tukasema ni kitubio. Tulikwenda likumbini na unyagoni bila ruhusa ya misheni, tukasema haya, hii ndiyo adhabu yetu, tuvumilie, itaisha. Tukavumilia. Ukatufuata mpaka majumbani. Tukavumilia. Leo umemleta Padre atuzike! Hiki kitubio kinaisha lini?"



"Atuzike," Felisian akarudia. "Nani?"

"Sisi!"

Felisian akatazama karatasi ya Padre. Akatazama mstari wa mbele. Akahesabu. Wavulana wanane, wasichana watatu.

Kwa wasiojua huku kwetu, ngoja niwaeleze. Likumbi ni kibanda cha jando huko porini. Walikwenda wavulana wote wa kijiji, Wakristo na Waislamu pamoja, mwaka 1948, na wasichana wakapelekwa unyagoni mwaka uleule. Siku ya kutoka, kibanda na nguo za utoto vinachomwa moto, na jina la utoto linabaki hukohuko kwenye majivu. Unatoka na jina jipya, mara nyingi la mjomba, la babu au la bibi, Saburi, Lukumani, Isihaka, la dini yoyote. Tangu siku hiyo, anayekuita kwa jina la zamani amekutukana. Na ukiliitikia, umejitukana mwenyewe.

Kwao Felisian jambo hilo halikuwepo. Na katekista wa zamani aliondoka kabla ya 1948.

"Kwa nini hamkuniambia?" Felisian akauliza.

"Tukwambie vipi?" Zena akajibu, naye sasa analia. "Nijitaje kwa kinywa changu? Na wewe tumekubebea mke. Tumekula kwako. Hujawahi hata siku moja kutuuliza, ninyi mnaitwa nani."

Hapo, ndugu zangu, Felisian alikaa chini, sakafuni, mbele ya altare, na suruali yake ya Jumapili.

Ni Padre aliyezungumza kwanza. Alikunja karatasi mara mbili.

"Kwa hiyo hawa ni hai."

"Wako hai, Padre," wakajibu watu wote.

"Na wamekwenda likumbini."

Hapo wakatazama sakafu.

"Sheria ya misheni inajulikana," Padre akasema. "Kijana aliyekwenda likumbini bila ruhusa atafanya kitubio mwaka mzima kabla ya ubatizo. Kwa hiyo Pentekoste hii hakuna wa kubatizwa. Kigango..."

"Padre." Felisian alikuwa amesimama. Alikuwa na vumbi nyuma, na hakunyoosha kola. "Nisamehe. Kitubio wamekwisha kifanya."

"Lini?"

"Kila Jumapili. Nimewatukana kwa majina mbele ya wazazi wao, wadogo zao na wachumba zao watarajiwa. Jumapili kumi na tano mfululizo, pamoja na Pasaka. Hawakukosa hata moja. Walikaa mbele, Padre. Wangeweza kukaa nyuma. Mimi mwenyewe nisingerudi Jumapili ya pili."

Nje, Mzee Halfani akasema kwa sauti, "Hata mimi."

Padre akatafakari. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akishikwa anashikika. "Na mafundisho? Wanajua nini?"

"Waulize."

Padre akamgeukia Lukumani. "Petro alimkana Bwana mara tatu. Baadaye Bwana alimwuliza nini?"

"Alimwuliza kama anampenda, Padre. Mara tatu."

"Kwa nini mara tatu?"

Lukumani akafikiri. "Moja kwa kila alipomkana. Ili asibaki na deni la aibu."

Padre akamwangalia Felisian. Felisian akatazama chini, maana hilo hakuwafundisha. Walilitafuta wenyewe wakitaniana baada ya mpira.

"Nipe kalamu," Padre akasema.

"Samahani, Padre," akasema Felisian. "Naomba niandike mimi."

Akachukua ile karatasi ya wafu, akaigeuza upande mweupe. Akaenda mstari wa mbele, akachuchumaa mbele ya kijana wa kwanza, uso kwa uso.

"Wewe unaitwa nani?"

"Saburi, Mwalimu."

"Saburi."

"Nipo."

Akaandika. Akasogea. "Wewe unaitwa nani?"

"Lukumani. Si unanijua."

"Najua. Nakuuliza."

Lukumani, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, akakosa. "Nipo," akasema, akaangalia pembeni.

Akawauliza wote. Ilichukua muda, na hakuna aliyeharakisha. Zena alikuwa wa mwisho, mikono kifuani, bado amenuna.

"Na wewe, binti yangu, unaitwa nani?"

"Umechelewa."

"Najua. Nisamehe."

Akamwacha achuchumae kidogo. Kisha akasema, "Zena. Nipo."

Kanisa zima likapiga vigelegele, na ilikuwa bado ni Misa ya wafu. Padre akatazama vazi lake jeusi, akasema, "Pentekoste nitakuja na jekundu."

Kigango hakikufungwa. Ubatizo ukafanyika tarehe 28 Mei. Wasichana wote watatu walichagua jina la Josephina. Padre akasema angalau mmoja achague lingine. Wakakataa.

Felisian hakurudi Songea. Alikaa Nandagala miaka arobaini na moja na akazikwa hukohuko. Kila alipopata kundi jipya la vijana aliacha daftari nyumbani mwezi mzima wa kwanza. Makatekista wachanga walitumwa kwake wajifunze, wakawa wanamuuliza siri yake ni nini. Aliwajibu kwamba yeye aliwahi kuua vijana kumi na mmoja kwa kalamu, basi anaiogopa.

Mmeshadhani mimi ni mjukuu wa Felisian. Hapana.

Mimi ni mjukuu wa marehemu.

Zena ni bibi yangu, mzaa mama. Kisa hiki kanisimulia yeye mwenyewe, mara nyingi, na kila mara alinuna palepale aliponuna kanisani. Alifariki mwaka juzi, safari hii kweli. Nilitumwa misheni kutafuta cheti chake cha ubatizo, na karani akaniletea vitabu vya mwaka 1950.

Kitabu cha wafu hakifutwi. Majina kumi na moja bado yamo, kila moja na msalaba wake, Aprili 1950. Kitabu cha pili, Mei 1950, wabatizwa kumi na mmoja. Kwa mujibu wa maandishi, bibi yangu alikufa kwanza ndipo akabatizwa.

Nilikuwa nimeshika ukurasa ule wa misalaba. Mbele ya kila jina kuna jina la mama. Ningeteremsha kidole mpaka kwa Mwantumu, ningelijua jina la bibi la utotoni, ambalo hata mama yangu halijui.

Nikakifunga kile kitabu.

Mimi nilimuuliza bibi jina lake nikiwa na miaka mitatu, akaniambia Zena. Hilo ndilo alilotaka nimwite, na ndilo tuliloandika kwenye kaburi lake.

Kama umepewa vijana, wa kanisani, wa msikitini, wa mtaani au wa kwako mwenyewe, usiwaite kwa ulivyoandikiwa na aliyekutangulia. Chuchumaa, umuulize aliye mbele yako anaitwa nani. Akinuna, subiri. Atakwambia.